Uliza Dokta: Eti ni utamaduni wetu ndo unatuangusha kwenye utafiti?

Toleo lililopita tuligusia bajeti za utafiti za nchi zetu, na meseji zilizokuja baada ya hapo nyingi zinasema kitu kimoja, kwamba hela sio tatizo, tatizo ni sisi wenyewe na mila zetu. Nimechagua tano nizijibu. Zilizokuwa matusi nimeziacha, mnajijua.

SWALI: Dokta shikamoo. Mi nasoma masters hapa Morogoro. Kwenye somo la mbinu za utafiti mwalimu alituonyesha jedwali la profesa mmoja Mholanzi aliyezipa nchi maksi za utamaduni, sisi Afrika Mashariki tuna maksi nyingi kwenye kunyenyekea wakubwa na chache kwenye mtu kusimama mwenyewe, akasema ndo maana hatuvumbui kitu. Nilikosa raha siku nzima. Ni sayansi hiyo au dharau? — Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Huyo atakuwa Geert Hofstede, na sio mtu wa kubeza, ila lazima ujue maksi zake zilipatikanaje. Alikuwa anafanya kazi IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, na kati ya 1967 na 1973 hivi wafanyakazi wa kampuni hiyo nchi mbalimbali walijazishwa madodoso, yakarudi zaidi ya laki moja, akayachambua na kitabu kikatoka 1980. Yaani waliojibu ni watu wa IBM. Sasa jiulize Dar ya mwaka 1970 watu wa IBM walikuwa wangapi, na walifanana vipi na bibi yako kijijini. Huku kwetu walikuwa wachache mpaka ikabidi Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zitiwe kapu moja likaitwa Afrika Mashariki. Mmasai, Mwamhara, Mbemba na Mzaramo, wote maksi moja.

Halafu zisome zenyewe. Kwenye kile kipimo cha umbali wa madaraka, yaani watu wa chini wanakubali kiasi gani kwamba mkubwa ni mkubwa na basi, sisi tuna 64. Ufaransa ana 68. Ufaransa, nchi ya kina Pasteur! Uingereza na Ujerumani wana 35 kila mmoja, na Costa Rica nayo ina 35 hiyo hiyo, na sijasikia mtu akisema Costa Rica na Ujerumani wanakimbizana kwa Nobel.

Sisemi utamaduni hauna kazi. Kuna wachumi wawili, Yuriy Gorodnichenko na Gérard Roland, mwaka 2011 walionyesha kwamba nchi ambazo mtu anathaminiwa kwa kusimama mwenyewe zinavumbua zaidi na ni tajiri zaidi, na hoja yao ina mantiki, maana pale jamii inapompa heshima aliyefanya tofauti na wenzake, watu watajaribu vitu tofauti. Shida ya hesabu za namna hii ni kwamba nchi ni chache na karibu kila kitu kinaenda na utajiri. Mwaka 2012 daktari mmoja, Franz Messerli, alichapisha kwenye jarida la New England Journal of Medicine mchoro wa nchi 23, upande mmoja chokoleti inayoliwa kwa mtu kwa mwaka, upande wa pili washindi wa Nobel kwa kila watu milioni 10. Vinapanda pamoja vizuri kabisa, uwiano wa 0.79, ambapo 1 ndo kwenda sambamba kabisa. Sasa tule chokoleti? Nchi tajiri zinanunua chokoleti na zinanunua maabara, hakuna siri nyingine hapo.

Mi nionavyo, idadi ya pepa, yaani makala za utafiti, inaletwa na hela. Umoja wa Afrika ulikubaliana kila nchi itoe asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, Kenya ikaenda mbali ikaandika asilimia 2 kwenye sheria yake ya sayansi ya 2013, na mpaka leo Kenya na Tanzania zote hazijafika hata hiyo 1, wakati Korea Kusini inagusa 5. Utamaduni unaingia sehemu nyingine, unaingia pale mdogo anapoona kosa la mkubwa wake. Anasema leo? Anasema baada ya miaka mitano? Hasemi kabisa? Shika hapo, maana nitarudi hapo mpaka mnichoke.

Na huyo mwalimu wako mkumbushe, kwa adabu, kwamba mkoa huo huo wa Morogoro kuna Ifakara. Ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, leo ni taasisi ya Watanzania inayosomwa dunia nzima kwenye malaria, kazi ya vyandarua vyenye dawa kule Kilombero na Ulanga miaka ya 1990 ilikuja kuingia mpaka kwenye sera ya taifa. Vituo vya utafiti vya Bagamoyo na Kilifi vimeshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya R21 ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, waliipitisha 2023. Watu ni wale wale, shikamoo ni zile zile, mkubwa anaheshimiwa kama kawaida. Ila kuna friza zinazofanya kazi, mishahara inaingia, na kuna utaratibu wa mtu wa nje kuja kukagua data yako utake usitake. Nusu ya hela inatoka kwa wafadhili wa nje au zaidi ya nusu, na hilo nalo lina shida zake za nani anachagua cha kutafiti, tutalijadili siku nyingine.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mwanangu yuko form two, ni mtoto wa kuulizauliza toka mdogo. Mwezi uliopita aliuliza kitu kwenye kipindi cha fizikia, mwalimu akamwambia wewe unajifanya profesa, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hanyooshi tena mkono. Baba yake anasema vizuri, amejifunza adabu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mi roho inaniuma. — Mama Kijana, Tanga

JIBU: Pole sana mama. Na umeandika kutoka Tanga, basi nikupe kisa cha huko huko, umsomee mwanao na baba yake awepo.

Mwaka 1963 pale sekondari ya Magamba, Lushoto, kulikuwa na kijana wa form three anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndo unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja Mpemba akaona mwenzake anawahi nafasi na maziwa ambayo hata hakuyachemsha, yeye akaona akisubiri yapoe atakosa, akayatumbukiza yake ya moto hivyo hivyo. Baada ya saa moja na nusu hivi ya kwake yameshaganda, ya mwenzake bado uji uji. Akaenda kumuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani.

Angeishia hapo tusingemjua. Baadae akakutana na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu Tanga mjini, akamwambia mbona sisi ndo tunavyofanya, tunaweka ya moto ili igande haraka. Yaani wauza aiskrimu wanajua, walimu hawajui. Alipofika Mkwawa, Iringa, wanasoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaliuliza tena swali lake. Mwalimu akabishana nae mwisho akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, na darasa likapata wimbo, kila akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Siku moja akaja mgeni, Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Maswali yakaruhusiwa, Mpemba akasimama akauliza lile lile. Wenzake wakamng'ong'a, wakamwambia ametia aibu shule mbele ya mgeni. Osborne mwenyewe alihisi kijana kakosea, lakini akasema nitajaribu, na aliporudi Dar akampa fundi wa maabara aifanye. Fundi akarudi na majibu: kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila usijali bosi, tutarudia mpaka tupate jibu sahihi. Hapo huwa nacheka kila nikifika. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education, na mpaka leo wanafizikia wanaita jambo hilo kwa jina la Mpemba na bado wanabishana, kuna watafiti wa Uingereza mwaka 2016 walipima kwa makini wakasema wao hawalioni kabisa.

Sasa angalia mama, kwenye kisa hiki Watanzania wako pande zote. Waliomcheka ni Watanzania, aliyeuliza mara tatu ni Mtanzania, na muuza aiskrimu aliyempa moyo ni Mtanzania. Utamaduni gani hapo tuuite wa taifa? Hata baba yake anachagua methali anayoipenda, na kuuliza si ujinga je, hiyo ya wapi? Kilichobadilisha mambo ni mtu mmoja mwenye cheo kusema nitajaribu badala ya kusema kaa chini.

Jambo lingine ambalo watu wanalisahau ni lugha. Mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, anafika form one anatakiwa aulize kwa Kiingereza mbele ya watu hamsini. Swali analo kichwani, ila akikosea sentensi atachekwa mara mbili, kwa swali na kwa grama. Watafiti wa kigeni wanakuja wanakaa nyuma ya darasa wanaandika wanafunzi wa Kiafrika ni wanyenyekevu hawahoji, kumbe mtoto anatafuta tu neno. Nenda kawatazame hao hao kwenye banda la mpira kama hawahoji.

Mwanao mpe daftari aandike maswali yake kwa Kiswahili. Yale yanayoweza kujaribiwa jikoni mjaribu nae, hilo la maji linahitaji friza na vikombe viwili tu. Na mwalimu mfuate, peke yako, kwa upole, usimpeleke kwa mkuu wa shule kwanza, maana walimu wetu wengi wana darasa la watu themanini na sio wote ni wabaya.

SWALI: Sasa Dokta, mimi ni wa Nairobi, nafanya mambo ya data. Kila mtu anasema ooh heshima kwa wazee inaua sayansi. Lakini si Wachina, Wajapani na Wakorea wana heshima kwa wazee kutushinda? Mbona wametuacha mbali hivyo? Hebu nieleze hiyo. — Jamaa wa Data, Nairobi

JIBU: Poa sana. Hili ndo swali nililolipenda kuliko yote.

Anza na China. Dawa mseto ya malaria unayopewa hospitali ina kitu kinatokana na artemisinin, kemikali ya mmea wa artemisia, na hiyo ilipatikana kwenye mradi wa siri wa jeshi uliopewa jina 523 kwa sababu ulianza Mei 23, 1967, lengo likiwa kuwasaidia Wavietnam wa kaskazini waliokuwa wanakufa kwa malaria vitani. Mama mmoja, Tu Youyou, akaingizwa 1969, akachimba vitabu vya tiba za kale, akakuta kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 kinasema ule mmea uloweke kwenye maji uukamue, hakitaji kuchemsha, ndo akashtuka kwamba kumbe moto ulikuwa unaua dawa. Akakamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, ikafanya kazi. Matokeo yalipochapishwa 1977 hayakuwa na jina la mtu hata mmoja, ni kazi ya umma. Nobel yake ilikuja 2015, na hana PhD. Kwahiyo wanaosema bila mtu kutafuta sifa zake binafsi hakuna ugunduzi, mama huyu wamweke wapi?

Ila miaka hiyo hiyo, nchi hiyo hiyo, maprofesa walikuwa wanatembezwa barabarani wamevishwa makofia ya karatasi, vyuo vimefungwa. Utamaduni wa Kichina ni wa maelfu ya miaka na haukubadilika kati ya 1970 na leo kiasi cha kuelezea kwa nini leo China ndo inatoa pepa nyingi kuliko Marekani. Kilichobadilika ni siasa, hela, na vijana kupelekwa nje kusoma na kurudi. Na hela ina vituko vyake, vyuo vya huko vilikuwa vinamlipa mtafiti keshi kwa kila pepa, serikali ikaja kupiga marufuku 2020, na maelfu ya pepa za kubumba zimefutwa, nyingi zina waandishi wa huko.

Japani ni kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye zile pepa zinazonukuliwa sana duniani Japani alikuwa wa nne, ripoti ya taasisi yao wenyewe ya sera za sayansi ya 2023 inamuonyesha wa 13. Wajapani wameacha kuinamiana? Hapana. Mwaka 2004 serikali ilivigeuza vyuo vya taifa vijiendeshe, ruzuku ikawa inapunguzwa kidogo kidogo kila mwaka, vijana wakabaki na mikataba mifupi mifupi, nani ataanza utafiti wa miaka kumi wakati mkataba ni wa mitatu?

Sasa Korea, hapa ndo utamaduni unajitokeza. Profesa Hwang Woo-suk wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul mwaka 2004 na 2005 alichapisha kwenye jarida la Science kwamba ametengeneza seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kutoka viinitete vya binadamu alivyovinakili. Akawa shujaa wa taifa, serikali ikatoa stempu ya posta. Ndani ya maabara yake watu walijua kuna kitu hakiko sawa, na hata mayai ya majaribio baadhi yalitoka kwa watafiti wa kike wadogo wanaofanya kazi chini yake, niambie huyo dada angeanzaje kusema hapana. Aliyekuja kusema ni kijana aliyekuwa ameshaondoka kwenye hiyo maabara, na hakumwambia profesa wala chuo, alienda kwa kituo cha televisheni cha MBC. Wananchi wakaishambulia televisheni, watangazaji wa biashara wakajitoa. Kilichommaliza Hwang ni vijana wanasayansi kwenye mtandao wao, bila kutaja majina, waliokuta picha zile zile zimerudiwa ndani ya pepa. Januari 2006 pepa zote mbili zikafutwa. Ona sasa, heshima haikuizuia Korea kufanya sayansi nyingi. Iliizuia kusema kosa kwa wakati, mpaka watu wakatafuta mlango wa uani ambao hauna mkubwa wala mdogo.

Ukitaka kusema aah hao ni Waasia, subiri. Uholanzi, kwao Hofstede, umbali wa madaraka ni 38 tu, wanajisifu hata waziri anaenda ofisini kwa baiskeli. Profesa Diederik Stapel wa Tilburg alikuwa anabuni data za saikolojia kwa miaka, anawapa wanafunzi wake wa PhD data ambazo yeye peke yake eti kakusanya, na wakapokea. Vijana watatu ndo walimfichua 2011, baada ya kukusanya ushahidi kimya kimya kwa miezi maana waliogopa. Zaidi ya pepa hamsini zikafutwa. Maksi 38 hazikumsaidia mtu. Profesa nyota ni profesa nyota, Seoul hata Tilburg.

SWALI: Assalaam alaykum. Kwa ufupi tu, dini ndo inarudisha nyuma sayansi au si kweli? — Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Kwa ufupi si kweli, inategemea zama. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kumhoji Ptolemy, mtu ambae kila mtu alimchukulia kama ndo mwisho wa elimu ya nyota. Alikuwa Mwislamu na alisema wazi kwamba anayetafuta ukweli asiwaamini waliotangulia kwa sababu tu wametangulia. Na upande wa Ulaya, mwanasosholojia Robert Merton aliandika 1938 kwamba Wapuritani wa Uingereza, wacha Mungu wa kweli kweli, ndo waliosukuma sana sayansi ya karne ya 17. Dini ile ile ina misimu tofauti. Wanaolaumu dini wamuulize kwanza waziri wa fedha.

SWALI: Dokta shikamoo, niko Ujerumani mwaka wa pili wa PhD, ni mtu wa Bukoba. Profesa wangu anasema nimwite jina lake la kwanza, siwezi, mdomo unagoma. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba nimerudia hesabu ya pepa yake ya zamani kwa ajili ya tasnifu yangu na majibu yangu hayafanani na yake, naona kama kuna safu mbili za data zilibadilishana. Namwambiaje mtu wa umri wa baba yangu? — Mhaya Ughaibuni

JIBU: Marahaba. Jina muite Profesa, hatakufa, Wajerumani wenyewe wengi bado wanaitana hivyo.

Kuhusu safu, usimwambie kakosea, maana bado hujui kama kakosea. Rudia kwanza hesabu kuanzia faili ghafi, sio faili lililosafishwa, na uombe mwenzako mmoja aifanye bila kumwambia wewe ulipata nini. Mkipata sawa, omba nusu saa ofisini kwake, sio kwenye kikao cha maabara mbele za watu, na uende na karatasi moja tu, mchoro wake na mchoro wako juu na chini, useme Profesa nimekwama hapa, nisaidie kuona nilipopotea. Sio uongo, kweli umekwama. Wazee wetu wanavyowarekebisha wakubwa barazani ndo hivyo hivyo, kwa kuuliza, na inafanya kazi Leipzig kama inavyofanya kazi Bukoba. Ukitoka hapo mwandikie imeili fupi ya kushukuru na uambatanishe mchoro, ili kuwe na tarehe.

Maprofesa wengi watafurahi au watanuna siku mbili halafu watafurahi. Akinyamaza mwezi mzima, au akikuambia achana nalo, chuo chako kina mtu anaitwa ombudsman, kazi yake ni kupokea kwa siri mambo ya uaminifu wa utafiti. Hawakuwa nae zamani. Waliweka utaratibu huo kuanzia 1998 baada ya kashfa ya watafiti wawili wa saratani iliyoibuliwa mwaka uliotangulia na kijana aliyekuwa anafanya kazi nao. Jina la huyo ombudsman liko kwenye tovuti ya chuo. Na hilo faili ghafi litunze nakala sehemu mbili, moja isiwe kompyuta ya maabara.